King'amuzi Kimoja, Vyumba Sita

Jamani, leo uso wangu sijui niuweke wapi. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda, pembeni ya sebule yangu mwenyewe, na huko uani nawasikia majirani wananirudia maneno yangu neno kwa neno. Wacha niwasimulie mimi kabla hamjasimuliwa na mtu mwingine.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi maturubai hapa Tunduma. Malori yakikaa foleni ya kuvuka mpaka, turubai lililochanika nashona mimi. Kazi ni ya jua na vumbi, mgongo unauma, na ndiyo maana mwaka jana niliamua na mimi nastahili burudani nyumbani. Nikanunua king'amuzi. Nikalipia kifurushi kikubwa, kile chenye mpira wote na tamthilia zote.

Mke wangu, Mama Tuse, akasema ni hasara.

"Chaneli zote hizo na macho unayo mawili," alisema.

Nikamwambia hajui hesabu za burudani. Mtu ukienda kuangalia mpira baa, unanunua soda, unanunua nyama, unamnunulia na rafiki, unarudi mfuko mtupu. Ukiwa na kifurushi chako unakaa na bukta yako, miguu juu ya meza, huna deni na mtu. (Hiyo bukta ikumbukeni.)

Na ili kumthibitishia kwamba sipotezi hela, nikafanya ule ujanja ambao waliokaa nyumba za kupanga wanaujua. Nilivuta waya kutoka nyuma ya king'amuzi changu, nikaupitisha juu ya dari hadi vyumba vingine vitano vya hapa uani. King'amuzi kimoja, TV sita, kila chumba kinachangia kidogo. Sharti ni moja tu: ninachoangalia mimi ndicho wanachoangalia wote. Rimoti ninayo mimi. Nikibadilisha chaneli, kuta zinaita: "Baba Tuse, rudisha!" Nikiamua narudisha, nikiamua siwasikii. Nisiwafiche, niliupenda ule ukubwa. Nilikuwa najiona mkurugenzi wa kituo.

Huo waya ndio ulioniondolea mke.

Iko hivi. Mama mkwe wangu anaishi Isongole. Alikuwa na mtoto wa jicho, miaka miwili haoni sura ya mtu. Akafanyiwa upasuaji, akapona, akapanga kutoa shukrani kanisani, na akaagiza kwamba wakwe zake wote wafike, awaone kwa macho yake. Mama Tuse akatangulia na mtoto. Mimi nikasema siwezi, kuna lori la sukari turubai limepasuka, kazi ya haraka.

Lori halikuwepo. Siku ile ilikuwa sehemu ya mwisho ya tamthilia ya yule mama mwenye hoteli na watoto wake mapacha waliopotezana. (Ndiyo. Mimi. Mwanaume mwenye ndevu.)

Sasa jirani yangu wa ukuta, Mama Furaha, muuza maandazi, akampigia simu mke wangu kumpongeza kwa shukrani ya mama. Hakuwa na nia mbaya. Akamalizia: "Na umshukuru Baba Tuse, leo katuwekea tamthilia tangu asubuhi, hajabadilisha hata mara moja." Mke wangu akakata simu. Akamtazama mama yake, ambaye macho yake mapya yalikuwa yanaangalia barabarani kama mkwe anatokea. Hakurudi Tunduma tena.

Leo ni wiki mbili na siku tatu. Kesho Jumatatu nilikuwa niende Isongole kuomba radhi. Nikisema vizuri, narudi na mke na mtoto. Nikikosea, narudi kwa king'amuzi.

Sasa tuingie leo.

Saa nne, baada ya ibada ya kwanza, kaja Mzee Simbeye. Ni mzee wa kanisa, na ndiye wa kunisindikiza kesho, maana mtu haendi ukweni kuomba radhi peke yake. Tena huku kwetu mama mkwe haongeleshwi hovyo. Miaka saba ya ndoa, mimi na yule mama hatujawahi kukaa sebule moja. Nikiingia mlango wa mbele, yeye anatoka wa nyuma. Salamu zetu zinapita kwa Mama Tuse. Hata nyumbani kwangu hajawahi kukanyaga. Akija Tunduma anafikia kwa jirani, sauti na kikohozi chake navisikia ukutani tu.

"Maneno yako yapange," Mzee Simbeye akaniambia. "Mkwe hasemeshwi kama dereva wa lori."

"Nitayapanga, mzee."

"Yapange leo. Wewe ukisimama mbele ya watu unaanza kucheka."

Ni kweli. Nikiogopa nacheka. Siku ya harusi yangu nilicheka mpaka mchungaji akafunga kitabu, akanisubiri.

"Jirekodi," mzee akasema, "halafu ujiangalie. Ujione wanavyokuona wengine."

Ushauri mzuri. Mzee wa watu hana kosa.

Saa sita nikafunga mlango, nikavuta pazia. Nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai. Nikavaa shati jeupe, tai na koti la harusi. Suruali nilikuwa nimeifua kwa ajili ya safari, iko kwenye kamba, basi chini nikabaki na bukta ya kulalia. Nikajiambia kamera inaishia kifuani, nani atajua. Kwenye sofa nikauweka mto, nikaufunga kitenge cha Mama Tuse, huyo ndiye mama mkwe. Nikarekodi mara tatu. Ya tatu niliisikia mwenyewe kwamba imetoka moyoni.

Shida ikawa kujiangalia. Simu yangu kioo kimepasuka, uso wangu unaonekana vipande vitatu. Nikasema sivyo, jambo zito kama hili nilitazame kwenye TV. Nikahamishia video kwenye flashi.

Saa tisa ikafika. Saa kumi kulikuwa na mechi, na Jumapili kama hii majirani huwasha TV zao mapema, wanakaa mbele ya kioo cheusi wanamsubiri mkurugenzi afungue kituo. Nikasikia bajaji imesimama nje, sauti za akina mama wanasalimiana mlangoni kwa Mama Furaha, mlango ukafungwa. Sikujishughulisha. Yule mama wageni hawamwishi.

Tundu la flashi la TV yangu limekufa zamani. La king'amuzi ni zima. Nikachomeka hapo. Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo akili yangu ilipoishia. Nilijiambia: ule waya unabeba chaneli. Chaneli zinatoka juu kwenye dishi. Flashi haijatoka kwenye dishi, imetoka mfukoni kwangu, kwa hiyo haiwezi kwenda kwa mtu. (Fundi turubai huyo, anajifafanulia umeme.)

Nikabonyeza. Nikakaa na chai yangu.

Video ya kwanza. Natokea mimi na tai, mnene kidogo kuliko nilivyodhani.

"Shikamoo mama, mukwai," nikaanza.

Hiyo mukwai ni neno la heshima la madereva wa Zambia. Naitumia nao kila siku, imeshakaa mdomoni. Pale kwenye video nikashtuka kwamba nimemwamkia mkwe kama dereva, nikaanza kucheka. Nikacheka, nikajizuia, nikasema "mama," nikacheka tena. Dakika nzima.

Chumba cha tatu nao wakawa wanacheka. Cha nne pia. Nikafikiri, leo hawa wamepatwa na nini, mechi yenyewe bado.

Video ya pili. Hapa nilijaribu njia ya kujitetea.

"Mama, kosa langu ni dogo. Kosa kubwa ni la jirani yetu, Mama Furaha. Yule mama mdomo wake haufungwi hata kwa turubai. Mimi ni fundi, nimepima, halitoshi."

Vyumba vya mbali wakapiga kelele mpaka bati likatetemeka. Kwa Mama Furaha, upande wa pili tu wa ukuta nilipokaa, kimya. Kimya kabisa. Nikashukuru, nikasema afadhali, sasa nitajisikia.

Video ya tatu. Natokea nikiwa nimeamua kupiga magoti. Sasa ili kupiga magoti nilirudi nyuma hatua mbili. Mtu akirudi nyuma hatua mbili, kamera haiishii tena kifuani. Koti, tai, halafu bukta. Bukta yenyewe ya rangi ya chungwa, na mfukoni kuna tundu la ukubwa wa chapati. Nilipojiona nikaweka kikombe chini. Lakini nikaendelea kuangalia, kwa sababu maneno yalikuwa mazuri.

"Mama," nikamwambia ule mto, "lori halikuwepo. Nilikuwa nyumbani naangalia tamthilia. Nimelia kwenye harusi ya watu nisiowajua, na kwenye shukrani yako sikuja. Umepewa macho, ukanitafuta mimi barabarani, na mimi sikuonekana. Naona aibu. Tangu Mama Tuse aondoke nina chaneli zaidi ya mia na sina cha kuangalia. Kikitokea kichekesho nacheka, nageuka nimwone kama naye anacheka, naukuta mto. Alisema kifurushi ni hasara. Mwambie amepatia. Bila yeye ni hasara tupu."

Nikajifuta machozi kwenye video. Nikajifuta na kwenye sofa. Nikasema, hiki ndicho. Nikisema hivi kesho nimeokoka.

Laiti ningeizima hapo.

Lakini mimi nilipokuwa narekodi niliona si vizuri maombi yakose jibu. Nikataka nisikie itakavyokuwa nikisamehewa. Kwa hiyo kwenye video nainuka, naufungua mto kile kitenge, nakijifunga kichwani. Navaa miwani yangu nyeusi ya kushonea juani, kwa kuwa yule mama naye alipewa miwani nyeusi baada ya upasuaji. Nakaa kwenye sofa taratibu, mkono kiunoni, kama anavyokaa. Nakohoa kikohozi chake, vile vikohozi viwili vifupi na kimoja kirefu. Halafu naongea kwa sauti yake nyembamba, na ile lafudhi ya Kindali ya kule milimani:

"Mkwe wangu, nimekusamehe. Mwanangu mchukue. Tena hicho kifurushi lipia kikubwa zaidi, na mimi nitakuja niangalie huyo mama wa hoteli."

Na hapo ndipo nikasikia kitu. Nilipokohoa kwenye TV, kikohozi kilikuja mara mbili. Kimoja mbele yangu, kingine ukutani. Nikasema "mkwe wangu," ukuta nao ukasema "mkwe wangu." Sauti yangu mwenyewe, nyembamba, inatoka kwa Mama Furaha. Nikageuza shingo polepole. Inatoka na chumba cha nne. Inatoka na kule kwa mwisho, karibu na choo.

Nikaokota rimoti, betri zimelegea. Nikaipiga kwenye goti, ikaongeza sauti. Nikapiga tena, ikasimamisha picha. Na picha iliyosimama ni mimi, kitenge kichwani, miwani usoni, bukta ya chungwa, mdomo wazi. Vyumba sita. Nikaruka, nikachomoa flashi na nusu ya king'amuzi ikaja nayo.

TV zikawa nyeusi uani kote. Halafu kutoka chumba cha mwisho, sauti ya mwanaume, kwa masikitiko ya kweli:

"Baba Tuse, rudisha!"

Nikaona nikijificha itakuwa mbaya zaidi. Nikatoka nje. (Nimesahau suruali. Ndiyo, na koti bado.) Watu wako milangoni, wengine wamekaa chini kwa kushindwa kusimama. Mama Furaha amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani.

"Baba Tuse," akasema, "hilo turubai la mdomo wangu umelileta?"

"Mama Furaha, nisamehe. Yale yalikuwa majaribio."

"Mimi nitakusamehe. Wewe hangaika na wageni wangu."

Akasogea pembeni. Nyuma yake mlangoni pana jozi tatu za viatu. Ndala za mtoto. Kandambili za buluu za Mama Tuse, nazijua, moja niliishona mimi kwa uzi wa turubai. Na raba nyeupe za mtu mzima, safi, za mtu aliyetoka mbali.

Tuse akachomoka, miaka mitano, furaha tele.

"Baba, umetokea kwenye TV! Bibi amekuona!"

Nilitaka ardhi ipasuke. Mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima hajawahi kuona hata mguu wangu ukiwa kwenye ndala, yuko kwenye kochi la Mama Furaha. Kesho alikuwa na kliniki ya macho, wakaona walale Tunduma kwanza. Na kwa vile yeye haingii kwa mkwe, wakafikia jirani. Na kwa vile mgeni hakalishwi bure, Mama Furaha akamwashia TV.

Mama Tuse akatoka. Wiki mbili na siku tatu sijamwona. Hajakasirika, hajacheka. Ananitazama kuanzia tai kushuka chini, anafika kwenye bukta, anapumzika, anarudi juu.

"Mimi nimekuja kuchukua cherehani yangu," akasema.

Cherehani ndicho kitu chake cha thamani kilichokuwa kimebaki kwangu. Mwanamke akiondoa cherehani, ameondoa kila kitu.

"Mama Tuse, nisikilize."

"Nimeshakusikiliza. Uani kote tumekusikiliza."

Ndani kukasikika kikohozi. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Majirani wote wakaniangalia, kama wanalinganisha. Mama Tuse akarudi ndani, nikasikia wananong'ona Kindali, akatoka.

"Mama ana ujumbe," akasema. "Kwanza, anasema alipotolewa mtoto wa jicho aliomba Mungu aone wajukuu zake. Leo ameona kuliko alivyoomba."

Mzee wa watu wa chumba cha tatu akashika ukuta.

"Pili, anasema kikohozi chake hakiko vile."

"Nitarekebisha," nikasema. (Sijui kwa nini nilisema hivyo.)

"Tatu, Mama Furaha amemweleza safari yako; anasema kesho usisumbuke kwenda Isongole."

Hapo sikucheka. Mimi ninayecheka nikiogopa, sikucheka. Nikaelewa kwamba yamekwisha, kwamba huo ni mlango umefungwa. Nikauliza taratibu, "Nisisumbuke kwa nini?"

"Kwa sababu maneno ameshayasikia. Anasema yale ya kabla ya kitenge yalimtosha."

Nilisimama tu na bukta yangu.

"Na cherehani?" nikauliza baadaye.

Mama Tuse akaangalia mlango wetu, akaangalia suruali yangu kwenye kamba. "Cherehani ni nzito," akasema. "Nenda kavae nguo." Akanipita, akavua kandambili mlangoni, akaingia ndani. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuokota ule mto sakafuni na kuurudisha chumbani.

Basi nikavaa. Nikaunga king'amuzi upya. Saa kumi kasoro dakika mbili, uani wanaume wamenyamaza wanasubiri mechi. Nikawasha. Katika kuitafuta chaneli ya mpira nikapita ile ya tamthilia, na bahati yangu ilivyo, walikuwa wanarudia sehemu ya mwisho. Yule mama wa hoteli ndiyo anafungua mlango awaone mapacha. Nikapita haraka, nikaweka mpira. Uani wakashangilia.

Ukutani, kwa Mama Furaha, kikohozi. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Halafu sauti nyembamba, ya mtu ambaye kwa miaka saba hajawahi kunitamkia neno moja:

"Mkwe! Rudisha!"

Mama Tuse akashika mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika. Nami nikageuka, nikamwona anacheka, na niwaambie ukweli, kile kifurushi leo kimelipa.

Nikarudisha. Wanaume wa vyumba vinne wakaguna, lakini nani wa kubishana na mkwe wangu.

Mechi imeshaisha sasa hivi na hapa bado wanafungua mlango wa hoteli. Rimoti kaishika Mama Tuse. Ninyi chekeni mtakavyo, ila mwenye matokeo ya mechi, tafadhali, asiyapige kelele huko nje. Mama mkwe anasikiliza.